Ndama wa Kiwanja cha Vyoo

Watu wakiyaona malori yangu yamejipanga pale Nemba huniuliza nilisomea wapi uongozi. Huwajibu kwamba nilisomea chooni. Hucheka, wakidhani natania, maana mtu mwenye malori anategemewa aseme amesomea Mzumbe au angalau amesali sana.

Sitanii. Darasa la nne nililiacha mwenyewe, halikuniacha lenyewe, na kila ninachokijua kuhusu kuwalea watu kazini nilikipata nikiwa msimamizi wa kiwanja cha kutengeneza slabu za vyoo, katika kambi ya wakimbizi wilayani Ngara, miaka ile vilima vyetu vilipogeuka bluu kwa maturubai. Kwa asiyejua, slabu ni kile kifuniko cha zege kinachokaa juu ya shimo la choo, chenye tundu katikati. Za kwetu zilikuwa za duara, zimebinuka kidogo kama mgongo wa kobe, hazina nondo hata moja. Unatengeneza kichuguu cha udongo, unatandika nailoni, unaweka kalibu ya chuma, unamwaga zege, unalainisha kwa mwiko, kisha unafunika kwa nyasi na kumwagia maji wiki nzima. Ukikosea, slabu inapasuka siku mtu amechuchumaa juu yake. Kazi nyingine ukikosea unaombwa maelezo. Kazi yetu ukikosea mtu anaingia shimoni.

Ndiyo maana kiwanja changu kilikuwa na sheria moja. Slabu haitoki mpaka nimeipanda mimi mwenyewe, nimevaa gambuti, nikaruka juu yake. Mimi, si mwingine. Nikienda msibani kwetu Mabawe, kiwanja kizima kinasimama, slabu zinakaa zimepangwa kama sahani za harusi zinazomsubiri bwana harusi, na familia kule kambini zinaendelea kwenda porini. Nilikuwa naliona jambo hilo kuwa zuri sana. Niliamini kiongozi wa kweli asipokuwepo lazima pengo lionekane, na langu lilionekana mpaka kwa pua.

Katika watu wangu alikuwapo mama mmoja Mrundi, mjane, mkubwa kwangu kwa umri, ambaye kabla ya vita alikuwa akivusha maharage na chumvi mpakani na kugombana na askari wa pande zote mbili. Nilimwajiri amwagie slabu maji. Kirundi chake na Kihangaza changu ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo hakuna tusi lake lililonipita. Kila asubuhi nilimwamkia kama inavyostahili, kisha nikamtuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, databuja."

Databuja ni neno zito kwetu. Ni bwana wangu, neno ambalo mtu aliyepewa ng'ombe humwitia yule aliyempa. Aliniita hivyo kwa kunitania, maana sikuwa nimempa hata kuku. Mimi sikulipokea kama utani. Nililipokea kama mshahara wa ziada. Na nikiruka juu ya slabu, yeye ndiye aliyekuwa akisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Taratibu, databuja, hiyo ina mimba."

Siku moja shirika lililotuajiri likatuita wasimamizi wote mjini Ngara kwenye semina. Wakatuweka kwenye darasa la shule ya msingi, kwenye madawati ambayo magoti yangu yalikuwa yameyasahau. Mkufunzi alitoka Dar es Salaam, amevaa tai katika vumbi lile, ana makaratasi makubwa na kalamu za rangi. Somo lilikuwa kuwajengea uwezo wale unaowaongoza. Alisema kiongozi bora ni yule anayempa mtu wake kazi pamoja na mamlaka yake, akamwacha akue. Alisema maneno hayo kwa namna nyingi, asubuhi nzima, na tulitikisa vichwa tukisubiri chai.

Aliyeniamsha si mkufunzi, ni injinia wa vyoo, mzungu mrefu aliyekuja kufunga semina. Alisema, na karani wake akatafsiri, kwamba shirika linafungua viwanja vipya, na msimamizi atakayemwinua mtu wake mpaka aweze kuongoza kiwanja cha pili atafanywa msimamizi mkuu, mwenye viwanja viwili chini yake na pikipiki ya shirika. Hapo somo likaniingia lote kwa mara moja.

Nikasimama. Nikamwambia mkufunzi kwamba hayo aliyoyaleta kutoka Dar es Salaam kwetu yapo tangu babu zetu, tunayaita kugabira. Mtu mwenye ng'ombe humpa asiye naye ng'ombe jike. Hamwazimi, anampa, mbele ya watu na pombe ya ndizi. Aliyepewa anachunga mwenyewe, anakamua mwenyewe, anapata samadi ya migomba yake, anakuwa mtu. Mkufunzi alifurahi mpaka akaandika NG'OMBE kwa rangi nyekundu kwenye karatasi kubwa na kuzungushia duara.

"Na aliyepewa, yeye anamfanyia nini aliyempa?" akaniuliza.

"Anamheshimu," nikasema, nikaketi.

Wasimamizi wenzangu wa Ngara waliinamisha vichwa wakicheka chini chini, kwa sababu walijua nimesema nusu ya mila. Nusu ya pili ni hii. Ng'ombe yule akizaa na ndama akakua, aliyepewa humchukua ndama jike mzima, aliyetoka tumboni mwa ng'ombe yule yule, akamrudisha kwa aliyempa, na pombe juu. Siku utakayompokea ndama huyo, mmekwisha. Hakuiti tena databuja. Mnakuwa watu wa kutembeleana. Na ndama akiwa mzima hakataliwi. Anayemkataa hujulikana vilima vyote kwamba alikuwa hafugi ng'ombe, alikuwa anafuga mtu.

Sikumwambia mkufunzi hayo. Hakuuliza. Tena mila ile ni ya mifugo, na mimi nilikuwa mtu wa zege. Nani angeipeleka kwenye vyoo?

Nikarudi kambini nikamchagua yule mama. Wenzangu walinishangaa, wakasema tangu lini mwanamke akagabirwa. Niliwaambia wao wamebaki nyuma. Ukweli ni kwamba kazi yote alishaijua, maana mtu anayemwagia slabu maji wiki nzima huona makosa yote ya walioimwaga, na mdomo wake ulitosha kuongoza kiwanja kabla ya mikono. Zaidi ya yote, nilijua kwamba mjane mkimbizi hana pa kwenda. Angebaki chini yangu, na mimi ningebaki juu ya pikipiki.

Kisha nikamgawia watu. Hapa nataka viongozi vijana wasikilize, maana hili halifundishwi. Wazuri nilibaki nao. Yeye nilimpa wale ambao kila nikiwaona nilikumbuka kwamba nina kichwa kinaniuma. Wa kwanza kati yao alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Nilikuwa nimemwajiri kulinda saruji kwa ajili ya amani ya nyumbani, naye aliilinda kwa kulala juu yake. Alilala mchana, mvua ikinyesha, hata injinia akiongea. Nilimkabidhi kwa mama yule kwa moyo mkunjufu kabisa.

Siku ya kukabidhi nilifanya kwa heshima zote kwa sababu injinia alikuwapo. Chungu cha pombe ya ndizi katikati, mirija ndani, watu wamekaa kwenye mifuko ya saruji. Badala ya ng'ombe nikamkabidhi mwiko na kalibu. Nikasema, mama, nimekugabira.

Aliupokea mwiko, akaugeuza huku na huku kama mtu anayemkagua ng'ombe meno.

"Mbele ya watu hawa wote?"

"Mbele ya watu wote."

"Haya, databuja. Nimepokea."

Swali lile lilipaswa kunishtua. Lakini injinia alikuwa anapiga picha, na mimi nilikuwa naangalia kamera.

Kiwanja chake kilikuwa upande wa pili wa kambi, juu mgongoni mwa kilima, penye upepo. Wiki ya kwanza nilikwenda kila siku kumsaidia. Nikifika naingia katikati ya kazi, nahamisha mchanga uliokwisha kuwekwa, nawaambia watu wake maneno tofauti na aliyowaambia yeye. Siku moja aliweka ndoo chini, akajifuta mikono kwenye kitenge, akanisogelea. Hakunigombeza mbele ya watu wake. Alinisindikiza mpaka njiani kama mgeni, akaniambia pale:

"Databuja, ng'ombe uliyemgaba huendi kumkamua."

Nikamwambia nilikuwa napita tu. Akasema njia ya kupita ni ile ya chini.

Nilikusudia kurudi kesho yake. Malaria ikanikamata, ya ile inayomlaza mtu mpaka anamwita mama yake aliyekwisha kufa. Na ndiyo wiki slabu zake zote za kwanza zilipopasuka. Upepo wa kilima ulikuwa ukizikausha juu kabla hazijashika ndani. Mke wangu aliniletea habari kitandani, nikajaribu kuinuka niende nikamwokoe, nikaanguka. Baadaye, nilipoalikwa kuzungumza na wasimamizi wapya, niliwaambia kwamba kiongozi lazima awe na moyo wa kumwachia mtu wake akosee ili ajifunze. Waliandika. Sikuona haja ya kuwachosha na habari za homa.

Alichofanya mama yule nilisimuliwa. Alizungushia slabu ua wa majani ya migomba kukata upepo. Lakini maji yalihitajika mara kwa mara, kupita alivyozoea, na watu wake walikuwa wachache, wale niliomchagulia mimi. Basi akamwita shemeji. Akamwambia kwamba amesikia yeye ni hodari wa kulala. Shemeji akakubali, kwa sababu ni kweli. Akamwambia, kuanzia leo kazi yako ni kulala, lakini utalala hapa katikati ya slabu, na kila baridi ya upepo ikikuamsha, mwagia maji, halafu lala tena. Shemeji alisema hakuna mtu aliyewahi kumpa kazi aliyoipenda namna ile. Kwenye kilima kile upepo haumwachi mtu alale. Aliamka, akamwagia, akaamka, akamwagia, na kwa kuwa usingizi ulishamkimbia akaanza kuuliza kwa nini hii ina ufa na ile haina. Mama akampa mwiko. Nilipopona nikaambiwa shemeji yako anamwaga slabu. Nikajua malaria haijaisha kichwani.

Msimu ukapita. Viwanja vyote viwili vikaenda vizuri, na injinia akaleta ujumbe kwamba anakuja kunithibitishia cheo cha msimamizi mkuu. Aliniwekea sharti moja tu, na lilikuwa rahisi: aje aone kwamba kiwanja cha pili kipo chini yangu. Mke wangu alikwisha kupata mahali pa kuegesha pikipiki. Aliwahamisha mbuzi.

Injinia akaja na karani wake, tukakusanyika kiwanjani kwangu. Ndipo nikawaona wanashuka kutoka kilimani. Mbele mama yule, amevaa kitenge kipya, nyuma yake mwanamke mwenye chungu kichwani, na nyuma kabisa shemeji na wenzake wanasukuma mkokoteni wenye slabu moja. Wahangaza wote waliokuwapo wakaweka koleo chini. Chungu kile kilijieleza chenyewe.

Akasimama mbele yangu, akainama kidogo kama mila inavyotaka.

"Databuja, ng'ombe wako amezaa. Nimekuja kukurudishia ndama."

Nikamuuliza yuko wapi, ingawa nilishajua. Akamshika shemeji mkono akamsogeza mbele. Akasema mtu huyu sasa anaweza kuongoza kiwanja peke yake, na slabu ile ameimwaga tangu kichuguu mpaka nyasi pasipo mtu mwingine kugusa.

"Huyu?" nikasema. "Huyu ni wa kwangu. Nilikupa mimi."

"Ndiyo. Ulinigabira ng'ombe akiwa na mimba, na wewe hukujua."

Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye mfuko wa saruji. Injinia naye akacheka, kwa sababu wengine wanacheka. Mimi nilikuwa napiga hesabu moja. Nikimpokea ndama, mama yule hayupo chini yangu tena, na pikipiki imekwenda. Nikimkataa, habari itafika Mabawe kabla yangu. Ikabaki njia moja, nayo ni ya halali kabisa. Ndama kilema harudishwi.

"Sheria ya kiwanja hiki inajulikana," nikasema. "Lazima niipande."

"Tumekuletea uipande," akajibu mama.

Nikaenda kuvaa gambuti. Nilizivuta polepole, moja baada ya nyingine. Wakaishusha slabu, wakaiegemeza juu ya mawe pembezoni kama inavyokaa shimoni. Shemeji jicho lake lilikuwa kwenye zege, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe dada yake nilimwona mtu huyu anaogopa kitu. Nikapanda. Nikaruka. Nikaruka tena, kama mtu anayeua nyoka. Slabu ikanirudishia miguu yangu. Nikaomba mfuko wa saruji, nikaukumbatia, nikaruka nao. Injinia alimwambia karani kwamba hajawahi kumwona msimamizi anayejali ubora namna hii.

"Mwongezeni wa pili," mama yule akasema, "asije akasema tumempunja."

Shemeji akauleta wa pili mwenyewe. Aliponiwekea begani aliniambia kwa sauti ya chini, isiyo na kejeli hata kidogo, "Ruka, shemeji. Haitapasuka. Hii naijua."

Sikuruka. Nilisimama pale juu na mifuko miwili, jasho linanitoka, nikamtazama. Alikuwa ananiangalia usoni, mtu ambaye kwa miaka yote nilikuwa nimeona kisogo chake tu, kwa sababu ya kulala. Nikashuka.

"Nimempokea," nikasema.

Tukainamia chungu, mimi na mama yule, kila mtu na mrija wake. Alikunywa, akajifuta mdomo, akanyoosha mgongo wake wote. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani.

Karani alimweleza injinia maana ya yote hayo kwa Kiingereza kirefu. Injinia alifurahi kupita kiasi. Akanishika mkono, akasema mimi nimemwinua huyu, na huyu amemwinua yule, na sasa kila kiwanja kinasimama chenyewe. Na kwa kuwa kila kiwanja kinasimama chenyewe, akasema, hakuna haja ya msimamizi mkuu. Pikipiki ikaenda kwa watu wa bomba la maji. Mimi nikaandikiwa cheti. Bado kipo ukutani ofisini kwangu Nemba, kwenye fremu ya kioo. Kwa kuwa ni cha Kiingereza, wageni hukisoma na kutikisa kichwa, nami hutikisa pia.

Asubuhi iliyofuata tulikutana njiani kama kawaida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikasubiri. Alikuwa ameshapita, anaelekea kilimani kwake, anamgombeza mtu aliyechelewa. Sikujua kwamba neno moja likiondoka linaweza kuacha nafasi kubwa vile mdomoni mwa mtu mwingine.

Nikafika kiwanjani kwangu. Shemeji, aliyerudi kwangu kama ndama anavyorudi, alikwisha kuwapanga watu, mchanga umechekechwa, slabu za jana zimemwagiwa maji. Wazuri wangu wote walikuwa wanamsikiliza yeye. Nikainua koleo, mtu akanipokea kwa adabu. Nikasogea kwenye kalibu, mtu akaniambia bosi utachafuka. Mwishowe shemeji mwenyewe akaniletea kiti, akakiweka kivulini kando ya barabara, akanikaribisha kwa mikono miwili.

Nikakaa. Sikuwa na cha kufanya pale kesho yake, wala keshokutwa. Na mtu aliyekaa kando ya barabara bila kazi huona mambo. Niliona malori ya shirika yanaleta mahindi kutoka Biharamulo yamejaa na yanarudi matupu, huku wajenzi kule wanalilia mchanga wetu. Niliwaza siku nzima. Kesho yake nikamsimamisha dereva mmoja.

Wanaoniuliza nilianzaje huwaambia nilijitengeneza mwenyewe, kwa bidii, bila kubebwa na mtu. Na ni kweli. Kile kiti nilikikalia kwa bidii sana.